Daftari la Bahari



Huenda mnajiuliza: Tume ya Haki na Amani ina neno gani juu ya vijimea visivyoonekana kwa macho? Inalo. Vijimea vya planktoni huelea karibu na uso wa bahari. Kwa mwanga wa jua na hewa ya ukaa hujitengenezea chakula, navyo hufanya karibu nusu ya kazi hiyo duniani kote. Vikifa, au vikiliwa na wanyama wadogo kisha vikatoka kama kinyesi, sehemu ndogo huzama vilindini, na ukaa wake huweza kufungwa huko kwa mamia ya miaka. Sehemu kubwa huoza njiani, na hewa ile hurejea.

Kwa kuwa hakuna awezaye kuipima bahari yote kwa mizani, wataalamu hutumia modeli, yaani hesabu zinazoiga mwenendo wake. Mwaka 1990 Michael Fasham na wenzake walitoa modeli yenye mafungu 7: vijimea, walaji wao, bakteria, mabaki, na nitrojeni ya aina 3 iliyoyeyuka majini. Ni kama daftari la chama cha akiba: kinachotoka fungu moja lazima kijulikane kilikokwenda.

Hapo ndipo haki inapoingia. Wako waliodai kwamba chuma kikimwagwa baharini, vijimea vitastawi na kuufuta moshi wa viwanda. Mwaka 2009 wanasayansi wa India na Ujerumani walijaribu katika Bahari ya Kusini. Vijimea vilistawi, lakini vililiwa upesi. Ukaa uliozama ulikuwa kidogo. Maji yale yalipungukiwa silika, ambayo vijimea vyenye ganda gumu huihitaji. Mwaka 2012 takriban tani 100 za chumvi ya chuma zilimwagwa magharibi ya Kanada. Mwaka 2013 nchi za Itifaki ya London zikapitisha marekebisho ya kudhibiti mambo hayo.

Ndugu zangu, kustawi si kuzama. Bahari ni ya wote. Asiwepo wa kuiuza kuwa fidia ya moshi wake. Akija mtu na ahadi ya namna hiyo, tumwulize maswali mawili: ni kiasi gani kimezama, na ni nani aliyeombwa ridhaa?