Soma Namba Kabla ya Kununua Rimu

(Maongezi na wahitimu wa kisomo, Murongo)



Leo tuongee juu ya magurudumu ya gari. Najua wengi wetu hapa hatuna gari. Lakini sote tunapanda. Kahawa yetu inakwenda kwa gari, ndizi zetu pia. Mgonjwa akizidiwa usiku, tunatafuta gari. Na siku hizi vijana wetu wananunua Probox zilizotumika ili wabebe abiria. Basi jambo hili ni letu sote.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mimi na shemeji yangu tulinunua Probox kwa kuchangiana. Lilikuwa na rimu za chuma, zina kutu. Shemeji akaniambia, "Mwalimu, gari hili halina sura. Abiria wanapenda kinachong'aa." Tukapata rimu za aluminiamu zilizotolewa kwenye Honda. Tukahesabu matundu ya boliti: manne, sawa na yetu. Tukajaribisha, zikaingia. Nikalipa.

Wiki ya pili tulikuwa tunatoka hapa Murongo kwenda Kayanga. Ndani tulikuwa na mama mjamzito anayepelekwa hospitali. Tulipopita Nkwenda, usukani ukaanza kutetemeka. Tukasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa limebaki na nati mbili tu, nazo zimelegea! Tulimsimamishia mama yule lori la ndizi. Alifika salama, na mtoto akazaliwa salama. Lakini mimi usiku ule sikulala.

Kosa lilikuwa wapi? Rimu zilikuwa nzima. Nati zilikuwa nzima. Ila havikupatana. Rimu za Honda zinazotoka kiwandani, pale nati inapokalia pamechongwa kama bakuli. Nati zetu za Toyota zilikuwa na ncha ya mshazari, kama faneli. Faneli ikikaa ndani ya bakuli inagusa ukingo tu. Unakaza, unadhani imekaza, kumbe barabara ikitikisa inalegea. Mimi ninayefundisha watu kusoma nilihesabu matundu, basi. Mengine sikuyatazama.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kutoa fedha tazameni mambo haya matano.

La kwanza ni matundu ya boliti. Usihesabu tu, pima. Kama matundu ni manne au sita, weka rula katikati ya tundu moja, pima hadi katikati ya tundu linalolikabili. Kwa Probox ni milimita 100, yaani sentimita 10. Hilux nyingi zina matundu sita, na kipimo ni milimita 139.7, karibu sentimita 14. Kipimo kikipishana kidogo tu, iache.

La pili ni tundu kubwa la katikati. La Probox ni milimita 54. La Honda nyingi ndogo ni 56. Likiwa dogo, rimu haiingii. Likiwa kubwa, gurudumu laweza kukaa upande na kutetemeka. Ziko pete maalumu za kuziba nafasi hiyo. Usizibe kwa kipande cha bati.

La tatu ni nati. Umbo lake lifanane na pale inapokalia. Meno yake nayo yalingane na boliti. Meno ya nati za Toyota na ya Nissan nyingi hayafanani. Nati ikikataa kuingia kwa vidole, usiilazimishe kwa spana.

La nne ni namba yenye herufi ET. Huandikwa kwenye rimu nyingi, mara nyingi upande wa ndani. Namba hii inaonyesha rimu itakaa ndani au nje kiasi gani. Ikiwa ndogo mno, gurudumu linatokeza nje, linagusa madigadi, na beringi inaumia. Ikiwa kubwa mno, gurudumu linaingia ndani na kusugua shokapu. Chagua namba iliyo sawa au karibu sana na ya rimu za zamani.

La tano ni tairi. Tusome pamoja: 155/80R14. Namba 155 ni upana, kwa milimita. Namba 80 maana yake kimo cha ubavu ni 80 kwa 100 ya upana huo, yaani milimita 124. Herufi R inaonyesha jinsi tairi lilivyosukwa. Namba 14 ni inchi za rimu. Tairi la 14 halivai rimu ya 15.

Pembeni yake iko namba ya uzito. Namba 88 maana yake tairi hilo linabeba kilo 560. Namba 84 ni kilo 500. Fanyeni hesabu: tofauti ni kilo 60 kwa tairi moja. Kwa matairi manne ni kilo 240, sawa na magunia manne ya kahawa ya kilo 60. Tairi linalong'aa lenye namba ndogo laweza kupasuka na mzigo wako.

Mwisho, wakati wa kufunga, usikaze nati kwa kufuata mzunguko. Kaza moja, kisha ile inayoikabili. Ukishatembea kilometa 50 hadi 100, simama ukaze tena.

Sisi tulirudishia zile rimu za kutu. Shemeji alizipaka rangi nyeusi. Gari halina sura, lakini linafika.

Ndugu wanakisomo, namba zile zilikuwepo siku zote. Tulijifunza kusoma ili tuzisome. Fundi akikuambia "zitaingia tu," mwombe rula.



Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini haitoshi kuhesabu matundu ya boliti?
2. Tairi la gari unalopanda lina namba gani? Ziandike, kisha ueleze maana yake.
3. Abiria afanye nini akiona gurudumu limepungua nati?