Laini ya Simu ni ya Nani?



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini chenye uwezo wa kumlaza mtu mzima njaa. Nacho ni laini ya simu.

Nilikuwa Kilosa kwa shughuli zangu, nikapanda basi kupitia Ulaya hadi Mikumi kumwamkia shangazi yangu. Nilimkuta amejiinamia barazani. Simu yake ilikuwa imeibwa gulioni. Nikamwambia, "Shangazi, simu ni chombo tu, tutanunua nyingine." Akanijibu, "Mwanangu, simu siililii. Nalilia hela yangu ya mpunga." Ndani ya laini ile mlikuwa na shilingi laki moja na themanini elfu.

Tukaenda stendi kwa kijana anayerudisha laini zilizopotea. Aliamkia vizuri, akachukua namba, kisha akatikisa kichwa. "Bibi, laini hii si yako." Shangazi akacheka akidhani ni utani. Namba ile ameitumia miaka mingi, na ndugu wote wanaijua. Lakini kwenye usajili lilitokea jina la kijana mmoja aliyewahi kupanga chumba kwake, ambaye siku hizi yuko machimboni Geita.

Hebu turudi nyuma kidogo. Zamani simu ilikuwa ya mahali. Ulipiga ofisini au posta, na mtu akaitwa aje kuongea. Zikaja simu za mkononi za kwanza, zile za analojia, ambazo namba iliandikwa ndani ya simu yenyewe. Chombo kikipotea, na namba imekwenda. Kadi ya laini ndiyo iliyotenganisha mambo hayo mawili. Wako akina mama vijijini wasio na simu kabisa, lakini laini wanayo, imefungwa kwenye pindo la khanga. Wakitaka kuongea huazima simu ya jirani, wakapachika kadi yao. Dakika za kifurushi ni zao, salio ni lao, na hela ni yao, ingawa simu ni ya mwingine.

Serikali nayo ilivishughulikia vyote viwili. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia, ikizitambua kwa namba maalumu ya kila chombo. Mwenye simu iliyozimwa alichomoa laini yake akaiweka kwenye simu halali, maisha yakaendelea. Mwezi Machi 2017 tukaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Kisha mwaka 2019 ukaja usajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Toka hapo laini ni ya mwenye kidole.

Mimi siupingi utaratibu huo. Matapeli wanaotuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" walikuwa wakijificha nyuma ya laini zisizo na mwenyewe. Lakini mnakumbuka foleni za siku zile? Wengi walikuwa hawajapata namba ya kitambulisho. Wazee wengine vidole vilikuwa vimechakaa kwa jembe na kwa mkonge, mashine ikashindwa kuvisoma. Siku ya mwisho ikakaribia. Mtu angefanya nini? Alimwomba mtoto, mpwa au mpangaji, "Nisajilie kwa jina lako." Shangazi alifanya hivyo, na alifanya kwa nia njema.

Kijana wa Geita tulimpata baada ya siku nane. Alikwenda dukani, akairudisha laini kwa kidole chake, akatutumia hela yote bila kupungua hata senti. Namshukuru sana. Lakini, wasikilizaji wangu, je, angekana? Je, angekuwa marehemu? Sheria ingesimama upande wake, na shangazi angebaki na ushahidi wa majirani tu.

Na upo upande wa pili wa shilingi. Yule aliyekubali kutoa kidole chake naye amebeba mzigo. Laini hiyo ikitumika kwa uhalifu, polisi watabisha hodi kwake kwanza.

Kwa hiyo nawaombeni jambo moja leo. Pigeni *106# mwone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Ukiikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni husika ikafungwe. Nanyi mlio mjini, ambao wazazi wenu wanatumia laini zenye majina yenu, mkienda likizo msipeleke sukari na khanga tu. Wapelekeni wazee wakafuatilie kitambulisho, kisha laini ihamishiwe kwao, ninyi mkiwa hai na mkiwa hapo hapo.

Makampuni nayo hayana budi kufika vijijini kwa kazi hiyo, kama yalivyofika kuuza laini. Haifai bibi wa Mikumi apokewe kwa tabasamu siku ya kununua, halafu siku ya shida aambiwe hafahamiki.

Shangazi sasa ana laini yenye jina lake. Namba ni mpya, na bado anawatafuta ndugu mmoja mmoja kuwapa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku hizi ni kidole chako.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.