Ililinganishwa na Nini? Dripu ya Haraka na Jicho la Daktari

Wapo mabingwa wa tiba, wa kwetu na wa ng'ambo, wanaoshikilia kwamba daktari mzoefu aliyesimama kando ya kitanda hahitaji takwimu za kumwambia kama tiba imefaa: anamwona mgonjwa akipata nafuu, basi. Nimekusudia kuupinga msimamo huo, nikiegemea jaribio moja lililofanyika katika hospitali sita za Afrika Mashariki: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Jaribio hilo, lijulikanalo kama FEAST, liliongozwa na Profesa Kathryn Maitland, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Sijui utafiti wa wodini wa ukanda huu unaostahili kusomwa kwa makini kuliko huo.

Mtoto analetwa na homa kali, anahema kwa taabu au amepoteza fahamu, viganja vya baridi, moyo unakwenda mbio, na ukucha ukibonyezwa damu inachelewa kurudi. Vitabu vya nchi tajiri vilielekeza amiminiwe maji mengi ya dripu kwa haraka, ili mishipa ijae na damu izunguke. Mantiki hiyo inavutia. Lakini tazama ilisimama juu ya nini. Ripoti moja ya Marekani ya mwaka 1991, iliyotajwa mno katika kuitetea, ilihusu watoto 34. Tisa kati yao walipata maji mengi zaidi katika saa ya kwanza, na wanane wakapona. Hakuna aliyewagawa watoto hao kwa kura. Madaktari waliona, wakaamini, na imani ikawa mwongozo.

FEAST iliuliza lile ambalo halikuwa limeulizwa. Kuanzia Januari 2009 hadi Januari 2011, watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: wa kwanza walimiminiwa kwa haraka maji yenye albumini, wa pili maji ya chumvi, na wa tatu hawakumiminiwa, walipewa tu dripu ya polepole ya kawaida. Wote walipata dawa za malaria, viuavijasumu, na damu walipoihitaji. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 katika kundi la albumini, asilimia 10.5 katika kundi la chumvi, na asilimia 7.3 miongoni mwa wasiomiminiwa. Kamati huru iliyosimamia usalama ililisimamisha jaribio kabla halijafikisha watoto 3,600 waliokusudiwa.

Sasa rudini kwenye jicho la daktari, maana hapa ndipo linaposhindwa. Mtoto aliyemiminiwa maji huonekana kufufuka: viganja vinapata joto, mapigo yanajaa. Nafuu hiyo ni ya kweli, na daktari hakosei kuiona. Akifa saa kadhaa baadaye, mikononi mwa zamu nyingine, kifo kinaandikwa kwa jina la malaria au maambukizi, si kwa jina la dripu. Tena tofauti yenyewe ni kama vifo vitatu kwa kila watoto mia. Wodi inayozika watoto kumi badala ya saba huona mwaka mgumu, haioni kosa. Uzoefu wa miaka thelathini hauwezi kuiona tofauti hiyo, kwa kuwa uzoefu hauna kundi la kulinganisha.

Wapinzani walijibu kwamba madhara yaliletwa na upungufu wa damu na malaria, au na ukosefu wa mashine za kupumulia. Hoja ya kwanza ilipimwa: hakuna kundi dogo, wenye malaria au wasio nayo, wenye upungufu wa damu au la, lililonufaika. Ya pili inalegezwa na uchambuzi wa mwaka 2013, ulioonyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na kuporomoka kwa moyo na mzunguko wa damu kuliko mapafu kujaa maji. Nakubali mpaka mmoja: watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa, na mtoto aliyekaushwa na kuhara ana haki ya maji yake. Lakini jaribio la Lusaka, Zambia, lililochapishwa mwaka 2017 kuhusu watu wazima 209 wenye maambukizi makali na presha iliyoshuka, lilifika palepale: mpango uliotumia maji mengi mapema uliambatana na vifo vya asilimia 48.1 hospitalini, dhidi ya 33.0 kwa huduma ya kawaida.

Husemwa pia kwamba kura ni kuwachezea watoto. Mimi naona kinyume: aliyempa kila mtoto tiba isiyopimwa ndiye aliyefanya jaribio, tena bila kuhesabu waliokufa. Naziomba bodi za hospitali zetu za rufaa na vyuo vyetu vya tiba ziziorodheshe tiba zinazotolewa kwa mazoea tu, zianze kuzilinganisha wodini. Hospitali zile sita hazikuwa na mashine za kupumulia. Zilikuwa na bahasha zilizofungwa, wauguzi waliopima kwa saa zilizopangwa, na daftari lililoandika kila kifo.