Visa vya "Lau" na Watu wa Kawaida



Iko aina ya visa ambavyo mtungaji wake hubadili tukio moja la tarikh, kisha akatazama dunia ingalikuwaje. Kijana akitaka kuviandika, wazee huuliza: yafaaje, hali Mtume, rehema na amani zimshukie, ametahadharisha kwamba "lau" humfungulia Shetani mlango? Wanavyuoni wameeleza ya kuwa linalokatazwa ni kujuta na kuipinga kadari ya Mwenyezi Mungu. Imamu Bukhari ameweka katika Sahihi yake mlango juu ya "lau" inayojuzu. Basi mwenye kufikiri apate mazingatio, wala asinung'unike, hana lawama.

Kasoro iko kwingine. Watungaji wengi huandika habari za wafalme na majemadari, wakamsahau raia. Wako waliofanya vizuri zaidi. Philip K. Dick wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1962, The Man in the High Castle, ameziwazia Ujerumani na Japani zimeshinda vita vikuu. Lakini anaowafuata ni mwuza vitu vya kale na fundi wa mapambo. Kwao ndiko msomaji anakoona uzito wa kutawaliwa.

Na utazamwe mfano wa karibu. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Kigoma, yakaishika pamoja na Ujiji hadi 1921, zilipokabidhiwa Waingereza. Ruanda-Urundi ikabaki kwa Wabelgiji. Hivyo jamaa wa Ujiji na jamaa wa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, wakawa chini ya serikali mbili, na ziwa lao ni moja.

Lau Wabelgiji wasingaliondoka Kigoma? Mtungaji mvivu atakwenda Brussels kuwasikiliza mawaziri. Mtungaji mwema atateremka mwaloni Ujiji, amtafute mama muuza dagaa. Je, angalihesabu bei kwa faranga badala ya shilingi? Mwanawe angalisomeshwa Kifaransa? Binti aliyeolewa Usumbura angalikuja kumzika babaye bila ya kuulizwa karatasi? Na uhuru ulipofika, Tanganyika mwaka 1961 na Burundi mwaka 1962, mama yule angaliamka raia wa nchi gani?

Maswali hayo hayajibiwi kwa kubuni tu. Asiyejua mama yule aliishije kwa kweli, hawezi kusema maisha yake yangaligeukaje. Wala kweli hiyo haimo katika mikataba ya serikali. Imo vifuani mwa wazee, na kila jeneza linalotoka hutoka na sehemu yake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtungaji ni kukaa barazani na kuuliza: mtumbwi ulilipiwa nini, barua ilichukuliwa na nani, harusi ilivushwaje ng'ambo.

Kisha abadili jambo moja tu, na aseme waziwazi kuwa ni kisa. Ibn Khaldun aliwalaumu wanatarikh waliopokea habari bila ya kuzipima. Mwenye kuchanganya ya kubuni na ya kweli huwazidishia wajukuu upotofu.

Vijana na wawaendee wazee wangali hai.