Mgeni Atatupataje Kwenye Mtandao?

Kina mama na vijana wa Magadi!

Leo tunaongea juu ya tovuti zetu, hizi za kuuza shanga na za kuongoza wageni kwenye chemchemi za maji moto. Tovuti iko, lakini mgeni haioni. Mbona? Jina la mji wetu ni jina la kitu! Mtu akiandika "magadi" kwenye Google, aweza kuletewa magadi ya kupikia maharagwe, ama habari za kampuni ya magadi iliyoanzishwa hapa mwaka 1911. Basi kichwa cha ukurasa kisiwe "Karibuni" tu, kama wengi wetu tunavyofanya. Tuandike: "Shanga za Kimaasai, Magadi, Kajiado, Kenya". Na kwa Kiingereza pia, maana mzungu hatafuti "shanga". Hata Mswahili akilitafuta neno hilo pekee, kuna Shanga nyingine, magofu ya mji wa kale kisiwani Pate!

Tena bei, namba ya simu na njia ya kupitia Kiserian tuziandike kwa maneno. Bango lililopigwa picha, mashine ile haitegemei sana kulisoma.

Kuandikisha biashara kwenye ramani ya Google ni bure. Akija mtu akitaka pesa eti atakuweka wa kwanza, jamani, Google wenyewe wanasema hakuna awezaye kuahidi hivyo. Pesa hiyo nunueni uzi.

Haya, toeni simu, tuanze na kile kichwa.