Fundi Aliyepimwa na Kazi za Kesho



Nimeombwa niseme nanyi juu ya kazi: ziko wapi sasa, na zaelekea wapi. Neno hili lamgusa kila mmoja wetu, maana kila siku alfajiri watu wengi wa Kibera huifuata njia ya reli kwa miguu hadi Eneo la Viwanda, wakasimama mbele ya malango wakingoja kuchaguliwa. Wachache huitwa ndani. Wengine hurudi na njaa yao.

Shida hii si ya jana. Mapema mwaka 1964, Uhuru ulipokuwa bado mchanga, Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walifanya mapatano. Makampuni yalikubali kuongeza wafanyakazi kwa sehemu 10 katika kila 100, na Serikali kwa sehemu 15. Navyo vyama vikaahidi kutogoma wala kudai nyongeza kwa muda. Watu zaidi ya 200,000 walijiandikisha kutafuta kazi. Waliozipata walikuwa wachache mno kuliko hao. Ndipo ilipodhihirika kwamba kazi haizaliwi kwa kutia sahihi karatasi.

Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walitoa taarifa juu ya Kenya. Walisema kwamba washonaji, maseremala na wafua mabati wa mitaani ni wafanyakazi wenye faida kwa nchi, wala haifai kuwasumbua na kuwabomolea vibanda bure. Hao ndio tuwaitao leo watu wa jua kali. Sasa tazameni hesabu ya Serikali ya mwaka 2024. Mbali na kilimo kidogo na ufugaji, zilipatikana kazi mpya zipatazo 782,000. Na katika hizo, karibu 704,000 zilikuwa za jua kali. Ni kazi tisa katika kila kumi.

Basi mzazi anayemweka kijana nyumbani mwaka baada ya mwaka akingoja kiti cha karani, na aifikiri hesabu hiyo. Wala sisemi kwamba jua kali ni pepo. Ujira wake mara nyingi ni mdogo, na leo upo, kesho haupo. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: mtu wa jua kali atapandaje ngazi?

Jibu langu ni moja: apimwe. Amri ya Serikali ya kima cha chini cha mishahara humtaja kibarua, kisha fundi asiyepimwa, kisha fundi wa daraja la tatu, la pili na la kwanza, na kila ngazi ina mshahara wake. Angalieni kwenye mjengo. Mtu wa mkono aliyekaa miaka mitano ubavuni mwa mwashi aweza kuwa ameijua kazi yote. Lakini akienda kwa mwajiri asiyemjua, hana la kuonyesha ila maneno ya kinywa chake, naye hulipwa kama mtu wa mkono.

Mitihani hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, iitwayo NITA, iliyo huko huko Eneo la Viwanda. Aliyejifunzia kazini hukubaliwa pia. Hupimwa waashi, maseremala, mafundi wa umeme na wa magari, na hata washonaji na wasusi. Kwa hiyo mama zangu wasidhani jambo hili ni la wanaume peke yao.

Najua mtihani una ada, na kwa kibarua ada ni mzigo. Vyama vyetu vya akiba hutusaidia katika arusi na matanga. Nawasihi viongozi wake wafikiri kumlipia fundi mmoja katika kila mzunguko, naye arudishe kidogo kidogo.

Tena, kazi haiishii Nairobi. Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ulioanza kutumika Julai 2010, wampa mfanyakazi ruhusa ya kwenda kushika kazi katika nchi jirani, na mapatano ya kazi yakizidi siku 90 sharti aombe kibali. Lakini sifa njema uliyo nayo hapa Mashimoni haivuki mpaka wa Busia. Huko Kampala au Kigali hakuna amjuaye baba yako. Cheti hakifungui kila mlango, ila humpa mgeni kitu cha kuweka mezani.

Wazee husema ujuzi hauzeeki. Ni kweli, lakini ujuzi usiojulikana haulipwi. Atakayekwenda kesho kusimama langoni asiitwe, asirudi nyumbani moja kwa moja. Na apite kwanza katika ofisi hiyo, aulize tarehe ya mtihani ujao.