Chombo Kipya au Kikuukuu: Kumjua Fundi Kabla ya Kutoa Fedha

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya vikundi vya wavuvi wa mwambao



Swali nililopewa kwenye ratiba ni hili: kikundi chenye fedha kidogo kiundiwe mashua mpya, au kinunue iliyokwisha kutumika? Nitalijibu, ila kwa kuzunguka kidogo, maana naona sehemu zake mbili zina mzizi mmoja. Mashua mpya na mashua kuukuu zote zimetoka mikononi mwa fundi. Ya kwanza unaahidiwa, ya pili unaonyeshwa. Anayetaka kuundiwa inambidi akavitazame vyombo vya zamani vya fundi huyo; anayetaka kuukuu inambidi amtafute fundi aliyeiunda, au walau yule anayeikalafati kila mwaka. Njia ni ile ile, ila mmoja anaianzia huku na mwingine kule.

Fundi wetu hana ramani ya karatasi. Vipimo viko kichwani na mkononi, na umbo la chombo analiona kwa jicho kabla ya ubao wa kwanza kukatwa. Kwa hiyo hakuna muhuri wa kiwanda wa kuutegemea. Watu wengi wanategemea jina la kijiji. Ni kweli kwamba Nungwi, Tumbatu, Mafia na Matondoni kule Lamu zina historia ndefu ya uundaji. Lakini kijiji hakishiki tezo. Anayeshika ni mtu, na siku hizi si kila anayegonga misumari pale ufukweni amepikwa na mzee wake akaiva. Wapo walioanza kwa kubeba mbao, wakajifunza kutoboa kwa keekee, na kabla hata hawajajua kupanga mataruma wakachukua kazi ya peke yao.

Muulizeni fundi: chombo chako cha mwaka juzi kiko wapi, na cha miaka saba au minane iliyopita kiko wapi? Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mashua ya mwaka mmoja ndiyo hiyo. Mbao bado ngumu, misumari haijaanza kula kutu, rangi inang'aa, haikuambii lolote. Ukweli unatoka baada ya misimu kadhaa ya kusi. Fundi mwenye kazi njema atajibu bila kusita: kile kiko Kipumbwi, ukimwona nahodha mpe salamu zangu. Anayejibu kwamba vyombo vyake ni vingi na vimetawanyika huko na huko, mshukuruni kwa kahawa mwendelee na safari.

Mkifika kwenye chombo hicho, msianze na tajiri. Tajiri yuko nchi kavu, na kwake mashua ni hesabu ya mgao wa samaki. Semeni na nahodha, halafu, la muhimu zaidi, semeni na kijana anayeshika upo. Mwulizeni kwa usiku mmoja wa uvuvi anafua maji mara ngapi, na mwaka jana alikuwa akifua mara ngapi. Huyo hana sababu ya kuwaficha, na mgongo wake unakumbuka.

Sasa mbao. Taruma zuri ni tawi au shina lililopinda lenyewe mtini. Ndiyo maana mafundi hupenda mlilana na mkomafi, mikoko yenye mti mgumu na mapindo ya asili. Tazameni nyuzi za mti: zikifuata pindo kutoka ncha hadi ncha, taruma hilo lina nguvu. Zikikatwa katikati, yaani fundi amechonga pindo kutoka ubao ulionyooka, litapasuka hapo hapo siku mashua itakapokaa vibaya juu ya mwamba. Tatizo ni kwamba mikoko haikatwi ovyo. Kwetu Tanzania ni misitu ya hifadhi na kuikata kunahitaji kibali. Kenya nayo ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwezi Februari 2018, wakataji mikoko wa Lamu walijikuta hawana kazi. Ikiwa fundi hawezi kuonyesha kibali cha mti wake, mjue mbao zinaweza kukamatwa wakati fedha yenu imeshalala ndani yake. Na akisema mkoko haupatikani kwa hiyo ametumia mti mwingine, hilo si kosa, mradi amesema mapema na bei imeshuka.

Ubao wa ubavuni una madaraja yake. Mvule na mtondoo vinajulikana. Mbambakofi, ambao Bara wengi huuita mkongo, ni mzito na unadumu. Mwembe ni rahisi, unachongeka vizuri, na ngalawa nyingi zinachongwa kwa mwembe, kwa hiyo siudharau. Ninachokataa ni mwembe uliopakwa rangi ukauzwa kwa bei ya mvule. Njooni kabla ya rangi. Ulizeni pia ubao ulipasuliwa lini, kwa sababu ubao mbichi ukishapigiliwa hukauka mahali pake, ukasinyaa, na pamba yote ya kalafati ikalegea.

Kuhusu malipo nitasema machache. Fedha ya kwanza iwe ya mbao, na mwende na fundi kununua. Ya pili itoke mkuku ukishalazwa, fashini zimesimama na mataruma yameonekana. Ya tatu mbao za ubavuni zikifika juu. Fungu la mwisho libaki hadi baada ya kushua, chombo kikishakaa majini siku kadhaa. Mapatano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na yaseme waziwazi chombo ambacho hakijakwisha ni mali ya nani iwapo fundi atafariki au kuhama. Lakini na sisi wanunuzi tuwe waungwana. Nimeona mashua zikikaa ufukweni na mataruma wazi, jua la kaskazi likipasua mbao, kwa sababu kikundi kimesimamisha fedha na fundi amekwenda kutafuta riziki pengine. Halafu lawama zote zinamwangukia yeye.

Nije kwenye kuukuu, ambako ndiko vikundi vingi vitaishia. Hapa nitakaa kidogo.

Msikague mashua inayoelea. Ombeni iletwe ufukweni wakati wa bamvua, isimamishwe kwa gadi, maji yatoke yaiache kavu hadi mkukuni. Katika mwambao huu maji ya bamvua hutoka kabisa kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi, jua likiwa zuri la kuonea. Kwanza simameni nyuma, hatua kama kumi, mtazame mkuku kwa urefu wake. Ukiwa umeinuka katikati na ncha zimelala, chombo kimevunjika mgongo, na hakuna fundi atakayeunyoosha kwa fedha mliyonayo. Rudini nyumbani.

Mkuku ukiwa sawa, ingieni chini. Sehemu inayouza siri ni ubao wa kwanza, ule ulioshikana na mkuku. Chukueni kisu chembamba, mkidunge taratibu kwenye mshono, kila hatua moja. Mti mzima unakataa kisu. Mti uliooza unakipokea kimya kimya, na mkikichomoa hutoka na maji meusi. Kisha gongeni ubao kwa mpini wa kisu mkisikiliza. Funza wa baharini huingia kwa tundu dogo mno, halafu ndani huchimba njia zinazokaribia unene wa kidole, hivyo ubao unaoonekana mzima kwa nje unaweza kuwa mtupu. Mlio wake ni wa debe. Mwulizeni mwenyewe ni lini mara ya mwisho alipokipasha chombo moto kwa chini na kukipaka deheni ya shahamu na chokaa. Akianza kuhesabu kwa vidole, ni muda mrefu.

Tazameni misumari. Doa la kutu moja moja ni la kawaida. Lakini mstari mzima wa machozi ya kutu ukishuka ubavuni unaonyesha kuwa msumari umekwisha ndani na mti unaouzunguka umelegea. Kupigilia mingine kando yake kunasaidia mara moja. Mara ya pili taruma linakuwa chujio.

Ndani ya chombo, ondoeni mbao za sakafu hata kama muuzaji ananung'unika. Tazameni ngama na mwashiri, pale kitako cha mlingoti kinapokaa. Maji ya chumvi hayaozeshi mti haraka. Maji ya mvua ndiyo yanayoozesha, na mashua iliyoachwa masika nzima bila kufunikwa huoza kuanzia hapo. Ndani ikinukia sifa, mafuta ya papa yaliyokolea, ni dalili ya mtu aliyekijali chombo chake. Ikinukia rangi ya juzi, jiulizeni kwa nini amepaka wiki ambayo wanunuzi wanakuja.

Mtasikia pia neno hili: “inavuja kidogo, itavimba tu.” Ni kweli, chombo kilichokaa nchi kavu hufungua mishono, na kikirudi majini mbao huvimba na kujifunga. Mpeni muuzaji nafasi hiyo. Kiingizwe majini, kiachwe siku mbili, kisha usiku wa tatu kilale bila kufuliwa maji. Asubuhi pimeni ngama kwa kijiti. Kinachovuja bado baada ya hapo hakisubiri kuvimba, kinasubiri fundi.

Tanga, foromali na kamba sizipi uzito mkubwa. Zinaonekana, na zinabadilishwa. Mlingoti uliopasuka ni shauri la bei.

Lililo zito ni mwenye chombo ni nani. Mashua nyingi ni za urithi, au za ubia: huyu ana chombo, yule ana nyavu. Ndugu mmoja anauza, wa pili yuko Unguja, wa tatu anajitokeza siku mnapotia nanga na samaki wa kwanza. Warithi wote watie sahihi au vidole gumba. Namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni ifanane na ya kwenye karatasi, na kabla ya kulipa mwoneni afisa uvuvi, kisha TASAC, shirika la uwakala wa meli, kwa Bara au Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, mjue chombo hicho kinadaiwa nini na kinatakiwa kuwa na nini.

Kwa hiyo jibu langu. Kikundi kinachoanza, chenye fedha ya chombo kimoja tu, kinunue kikuukuu cha miaka minne hadi saba, cha fundi anayejulikana na anayeishi karibu, na sehemu ya fedha ibaki kwa matengenezo. Wakati mzuri ni kusi likikaza, Juni hadi Agosti, vyombo vingi vikiwa vimepandishwa ufukweni na wenyewe wakiwa tayari kusikiliza. Kuundiwa kipya ni kwa kikundi chenye subira na mtu wa kwenda kushinda na fundi. Boti za faiba nimeziacha makusudi. Zina ukaguzi wake na anayestahili kuuzungumzia si mimi.

Leo ni bamvua, na ipo mashua chini ya ule mkungu ambayo mwenyewe ameturuhusu kuidunga. Tukitoka huko, naomba kila kikundi kiandike vyombo vya ufuko wake, umri wa kila kimoja, jina la fundi aliyekiunda na jina la anayekikalafati. Mwisho wa siku tuyaunganishe makaratasi hayo, kila kikundi kiondoke na nakala.